Nyumba Inayomwambia Donatus Kila Kitu

Nyankumbu, Geita
16 Februari 2025

Shangazi Lusia,

Shikamoo. Naamini goti lako limekubali dawa na unatembea bila kusimama njiani. Mwambie Baba binti yake anamkumbuka. Wasalimie pia kaka yangu Mayala na wifi Esta. Nimesikia kuna mgeni anatarajiwa kwao, nikafurahi sana. Huku mvua haijatunyima. Donatus hajambo, wiki nzima yuko Rwamgasa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, akinunua dhahabu ya wachimbaji, hurudi Jumamosi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu yangu ina matatizo kidogo. Anayekuletea ni Philomena, yule mama wa huko kwenu anayeleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, Geita kila mwezi. Donatus anaipenda sana michembe yake, hivyo anaruhusiwa kuingia hadi jikoni.

Nikwambie habari za nyumba. Unakumbuka mlivyonicheka nilipokwenda VETA kusomea umeme badala ya ushonaji? Basi wezi waliingia kwa jirani, mnunuzi wa dhahabu pia, na Donatus akaogopa. Alitaka kuleta mafundi kutoka Mwanza. Nikamwambia, utawalipaje watu na mkeo ni fundi? Nikaagiza vifaa vya bei nafuu, nikavifunga mwenyewe. Kuna kisanduku kidogo juu ya kabati, mafundi tunakiita habu. Kila mlango na kila dirisha lina kitambuzi chenye vipande viwili, kimoja ni sumaku. Mlango ukifunguka vipande vinaachana, kisanduku kinajua, na simu inapata ujumbe. Ukipita koridoni taa inawaka yenyewe. Geti lina kufuli la umeme, na Donatus anaweza kulifungua akiwa huko huko Rwamgasa. Umeme ukikatika, kisanduku na kufuli havizimi, maana nimevichomekea betri ya pikipiki. Hilo la betri hakuna aliyenifundisha, nimelibuni mimi, na Donatus alilisifia mbele ya wageni.

Nilikuwa nawaza nije kukusaidia kuvuna pamba. Nikae kidogo. Utaniambia kama nafasi ipo.

Ni mimi mwanao,
Loveness


Mhunze, Kishapu
9 Machi 2025

Loveness mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile siku ulizonyamaza. Goti ni lile lile, linatangulia kulala kabla yangu. Baba yako ni mzima, anagombana na mbuzi. Esta tumbo limekuwa kubwa na hataki kuambiwa apumzike. Mayala anajifanya baba tayari, anatembea polepole kama mwenyekiti wa kijiji.

Barua yako nimewasomea wote. Nilipofika kwenye taa inayowaka yenyewe baba yako aliniambia nirudie, alidhani naongeza chumvi. Sasa buni kidude cha kutoa ng'ombe zizini na kuwarudisha, nikupe baraka zangu zote. Wa kushona nguo hukuwa wewe, nilikosea, lakini kukucheka nilikucheka kwa sababu ulipanda juu ya bati na sketi.

Pamba inakwenda vizuri. Njoo na mumeo, nafasi ipo. Mke akija peke yake siku nyingi watu wanaanza kuuliza, na unawajua watu wa hapa.

Ila hiyo simu yako ina ugonjwa gani? Nikipiga anapokea Donatus, tena kwa adabu kubwa, akisikia ni mimi anakata.

Shangazi yako,
Lusia


Nyankumbu
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nawaombea Esta na mtoto. Wasalimie wote, hasa Baba.

Simu si mbovu. Meseji zangu na simu ninazopigiwa zote zinaingia pia kwenye simu ya Donatus. Mwezi wa kumi na mbili aliniomba nimfundishe mfumo wa nyumba, nikamfundisha kwa moyo mmoja, kila kitu, hadi kubadili neno la siri. Kesho yake akalibadili, akaniondoa. Nilipouliza akasema, "Mama, wewe pumzika, mambo ya ulinzi niachie mimi." Tangu hapo kila mlango ninaoufungua unamwambia yeye.

Wiki iliyopita nilisimama dirishani nikiongea na mama anayeuza dagaa nje ya ukuta. Hatujamaliza hata salamu, simu ikalia. "Dirisha la sebule liko wazi. Unaongea na nani?" Nikikaa chooni sana anauliza kama naumwa. Geti hanifungulii mpaka nimweleze nakwenda wapi, kwa nani, narudi saa ngapi, na siku hizi nikieleza hafungui. Umeme ukikatika mtaa mzima unalalamika, na mimi nasikia kile kisanduku kinaendelea kulia tii, tii, kwa betri niliyokipa mwenyewe.

Hanipigi. Hanitukani. Analeta samaki na nguo. Najua ukimsimulia mtu atasema huyo ndiye mume. Lakini Shangazi, mimi sipumui humu ndani. Nilikuwa naanza kupata wateja wa kufungia vifaa mjini hapa, wawili walishalipa, nao wamechoka kunisubiri.

Nakuuliza wazi ili nisijifiche. Nikirudi nyumbani, nirudi moja kwa moja, mtanipokea?

Loveness


Mhunze
25 Mei 2025

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Utanisamehe kuchelewa. Philomena alikuwa na homa, halafu barabara iliharibika, halafu tulikuwa kwenye pamba.

Esta amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Ndaki, jina la mama yako. Baba yako alilia, ingawa anasema ni vumbi. Pamba ya mwaka huu ni nyeupe safi ila vibarua wamekuwa wajeuri. Mayala amejenga banda jipya la kuku na limeshaegemea upande. Kanisani wamenichagua kusoma masomo tena, kwa hiyo natafuta miwani. Kule bwawani maji yamebaki matope.

Kuhusu hayo mengine, ndoa changa ina mambo yake. Mwanaume aliyeona nyumba ya jirani imevunjwa huwa na hofu, hofu hupoa. Mpikie, mzoee, zungumza naye akiwa ameshiba. Wewe ni mtu mwenye akili.

Philomena anasema umekonda. Kula.

Shangazi yako,
Lusia


Nyankumbu
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwa ajili ya Ndaki mdogo.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu banda la kuku. Najua kwa nini. Ng'ombe alioleta Donatus ndio Mayala aliooa nao. Nikirudi, watu wa Donatus watadai ng'ombe wao, na ng'ombe wako zizini kwa wazazi wa Esta. Ungeniambia tu. Inauma zaidi kuona mnazunguka.

Usidhani nashindwa kutoka. Kitambuzi cha mlango hakijui mlango, kinajua sumaku tu. Nilivunja spika ya redio ya zamani, nikatoa sumaku yake, nikaibandika pembeni ya kitambuzi kwa gundi ya karatasi. Mlango ukawa wazi na simu ya Donatus ikaona umefungwa. Kufuli la geti lina ufunguo wa dharura, na fundi gani anaacha funguo zote ndani ya boksi? Wangu ninao. Ijumaa iliyopita nilitoka. Nilitembea hadi stendi, Philomena alikuwa amenipa nauli. Nikakaa kwenye benchi mbele ya basi la Shinyanga, konda akaniita, akaita tena. Nikajaribu kuona sura ya Baba akinifungulia, sikuiona. Nikarudi. Nilifunga geti nyuma yangu kwa mkono wangu.

Sasa amenunua kamera. Zimo kwenye boksi mezani: ya geti, ya uani, ya sebuleni, ya koridoni. Anataka mimi nizifunge, maana mimi ndiye fundi. Nimemwambia bado nasoma maelekezo. Zikishafungwa, Philomena hawezi tena kupokea wala kunipa karatasi, na kwenye mlango sumaku haitasaidia kitu.

Loveness


Mhunze
29 Juni 2025

Mwanangu,

Haya, na tuseme.

Ni kweli ni ng'ombe. Baada ya barua yako niliwaita baba yako na Mayala tukakaa. Niliwasomea yote, hata ya benchi la stendi. Mayala aliinamisha kichwa. Wazazi wa Esta nao si watu wa kurudisha kitu, baadhi ya wale ng'ombe wameshapelekwa kuolea kwingine. Tukiwadai watamchukua binti yao, na mtoto bado ananyonya. Esta alisikia kila neno akiwa jikoni. Akatoka, akasema, "Shangazi, mimi nifungashe?"

Baba yako alisema yeye ni Makoye, na binti wa Makoye aliyeolewa ameolewa. Nikamwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia kaka yake. Alikwenda zizini akakaa huko mpaka jua likazama.

Nimekulea tangu mama yako alipofariki. Nakupenda, na sina pa kukuweka. Ndiyo maana niliandika habari za kuku.

Lusia


Nyankumbu
13 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuelewa, na Esta mwambie asifungashe kitu.

Donatus amechoka kusubiri. Jumamosi hii atasimama chini ya ngazi akinishikia waya mpaka nimalize. Hii ni ya mwisho, usimpe tena Philomena barua, utamponza. Nikiwaona kwenye msiba au harusi tutasalimiana.

Nilikuwa najivunia mikono yangu. Siku hizi nikiitazama nasikia hasira.

Loveness


Mhunze
17 Julai 2025

Loveness,

Philomena anageuza leo hii hii, nimemlipia nauli, kwa hiyo naandika nimesimama.

Zifunge hizo kamera. Zifunge zote, na uzifunge vizuri, zisiache kona hata moja. Wiki ijayo nakuja kukaa.

Umesoma umeme, ukasahau ulikotoka. Mama yako hayupo, mimi ndiye niliyesimama mahali pake siku ya mahari, kwa hiyo mimi ni mkwe wa Donatus. Huyo kijana hajawahi kunitazama usoni. Akiniona njiani anaingia kwenye mtama wa watu. Siku walipoleta ng'ombe alikaa nyuma ya nyumba mpaka nikamaliza kula. Amelelewa vizuri, hilo simnyimi. Sasa, mtu asiyeweza kunitazama barabarani nikiwa nimevaa gauni la kanisani, atanitazamaje kwenye simu nikitoka kuoga na kanga moja?

Akiuliza, sema shangazi anakuja kutibiwa goti.

Lusia


Kolandoto, Shinyanga
17 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama Klara rafiki yako amenipokea kama mwanawe. Chumba kina dirisha moja, na siku ya kwanza nililifungua na kulifunga, nikalifungua na kulifunga, mpaka akaja kuniuliza kama limeharibika. Nikamwambia ni zima. Halafu nikalia mbele yake, sikuona aibu.

Bado naiona ile siku. Donatus alipoambiwa "Shangazi amefika" geti lilifunguka hapo hapo, wala hakuuliza neno. Na ulipojimwagia maji uani mchana kweupe, ukiimba wimbo wa kwaya mbele ya kamera ya geti, mimi nilipita nyuma yako na mkoba, nawe hukugeuka. Ulisema tu, "Nenda, usikanyage sabuni." Sumaku nilikuwa nimeshaibandika, na geti nilikuwa nimeshalifungua alfajiri kwa ufunguo wa dharura, nikaurudisha ndani.

Simu yangu niliyokuachia, je, anapiga? Anajua? Anaingia ndani?

Kazi imepatikana kidogo. Mfugaji mmoja wa kuku amenipa nifunge vitambuzi vya joto kwenye banda la vifaranga. Nilipomaliza nilimpa neno la siri kwenye karatasi, yeye na mkewe, wote wawili, na nikawaonyesha jinsi ya kukizima kisanduku. Hawakuelewa kwa nini nilisisitiza vile.

Kitu kimoja. Nimefungua mkoba nikakuta ufunguo wa dharura wa geti. Mimi sikuuweka, niliuacha juu ya kabati uutumie wewe. Uliuweka kwa makosa? Nitampa Philomena akuletee, maana bila huo huna namna ya kutoka.

Mwanao,
Loveness


Nyankumbu, Geita
14 Septemba 2025

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Philomena atakupa na dagaa, mkaange na Klara, umwambie nitamtumia wengine. Goti limepona kwa kukosa safari. Kutoka nyumbani nasikia Ndaki anakaa sasa, anaanguka, anakaa. Mayala analima eneo la pili kwa ajili ya pamba na Esta yuko naye shambani, mtoto mgongoni.

Umeuliza kama anaingia. Haingii. Jumamosi ya kwanza alifika hadi nje ya geti, akasikia nakohoa, akaenda kulala gesti. Sasa ndiko anakoishi akiwa mjini. Mchele na samaki analeta kijana wake, anapitisha kwenye kidirisha cha geti. Simu yako ililia mara nyingi siku za mwanzo. Nilikuwa napokea, namsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," yeye anakata. Siku hizi hailii.

Kujua, nadhani anajua. Wiki iliyopita alimtuma baba yake mdogo, mzee Eustace. Tuliongea kidirishani. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, tukaulizana mvua, tukaulizana mifugo, halafu akasema, "Tunasikia binti yetu ameondoka."

"Mmesikia kwa nani?"

"Kwa mume wake."

"Yeye yuko Rwamgasa. Ameonaje?"

Nikamwambia nyumba hii ina vidude kila mlango, vinamwambia Donatus kila kitu, na awaletee wazee simu hiyo iseme ni lini mlango ulifunguka mke wake akatoka. Akasema wameshaitazama simu, mlango haukufunguka. Nikasema basi. Akasema, kwa sauti ya chini, lakini kuna kamera. Nikamuuliza, "Mzee mwenzangu, unataka kuniambia mkwe wangu amekuwa akinitazama nikioga?"

Alikohoa muda mrefu. Mwanaume akimtazama mkwe wake hivyo, ng'ombe wa faini wanatoka kwake kuja kwetu, na aibu haitoki kabisa. Akaniomba maji ya kunywa, nikampa, akaniaga kwa heshima zote.

Kwa hiyo nikiwa humu ndani, hakuna mtu wa ukoo wao anayeweza kutamka kwamba umeondoka. Ng'ombe wanabaki walipo na Esta anabaki kwake. Siku nitakayotoka mimi ataingia yeye, aone kitanda kitupu, na madai yaanze asubuhi yake. Mayala anasema tumpe mpaka pamba ya mwakani, atakuwa na ng'ombe wake wa kurudisha. Mpaka pamba ya mwakani ni mbali, lakini nimemwambia sawa.

Sitakudanganya kama nilivyokudanganya kwa kuku. Huku ni kugumu. Nyumba ni nzuri na haina mtu wa kumwambia umeamkaje. Nikienda jikoni taa inawaka, nikirudi inazima, na najua kule kwenye simu kuna mahali inaandika mkwe amekwenda jikoni, mkwe amerudi. Juzi nilikaa sebuleni bila kujitikisa, nione kama kile kisanduku kitasahau kwamba nipo. Sasa naelewa barua yako ya mwezi wa nne kuliko siku nilipoisoma, na naona haya kwamba nilikuambia upike.

Kanisani wameshamchagua mtu mwingine wa kusoma masomo.

Ufunguo sikuuweka kwa makosa. Usimpe Philomena, wala mtu yeyote. Mimi najijua, nikiwa nao nitatoka.

Shangazi yako,
Lusia